Kwenda Gongoni Kupima Lori

Nilikwenda Gongoni kupima lori. Sikuwa na haja ya kulinunua wala mzigo wa kupakia. Nilitaka upana wa bodi, nafasi kati ya ekseli mbili za nyuma, kimo cha mbao za ubavuni na mahali hasa inapochomelewa ngazi ya tanboi. Mfukoni nilikuwa na tepu, daftari na penseli. Nyumbani Mombasa, juu ya meza, nilikuwa nimeacha boksi la Italeri lenye vipande vya plastiki vya kichwa cha Mercedes-Benz Actros, kipimo cha moja kwa ishirini na nne: kila sentimita 24 za lori la kweli ni sentimita moja mezani.

Italeri ni kampuni ya Kiitaliano iliyoanza mwaka 1962 karibu na Bologna, na kwa sisi wenye ugonjwa wa malori madogo jina lake halihitaji kutambulishwa. Imetoa Scania, Volvo, Iveco, zote safi, zote zimevaa rangi za barabara kuu za Ulaya. Lori la chumvi la Gongoni haijatoa, na sioni kampuni itakayolitoa. Anayelitaka ashike wembe.

Boksi lenyewe lilitoka Malindi, kwa mzee wa Kiitaliano aliyekuwa akipunguza vitu nyumbani kwake. Malindi jambo hilo si ajabu. Waitaliano waliizoea pwani hii tangu miaka ya 1960, walipoweka majukwaa ya San Marco baharini mbele ya Ngomeni na kurusha setilaiti ya kwanza kutoka hapo Aprili 1967. Desemba 1970 wakarusha ile iliyoitwa Uhuru kwa sababu siku yenyewe ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Roketi zimekoma, Waitaliano wamebaki, na pamoja nao piza, aiskrimu, na mara mojamoja boksi la modeli juu ya kabati.

Safari ya kwenda kaskazini niliifanya kwa matatu, nikakaa mbele kando ya dereva. Nauli ni ile ile ya viti vya nyuma, lakini mwenye kusoma malori hapati darasa bora kuliko hapo. Ukifuata mkia wa lori kutoka Mtwapa hadi Kilifi unapata muda wa kutosha kuujua: ubao wa mistari myekundu na ya manjano inayomulika usiku, kibandiko cha kasi ya kilomita 80, mipira ya kuzuia matope yenye jina la mwenye gari, spea iliyofungwa kwa mnyororo na kufuli kubwa kuliko la duka. Mlangoni utaona jina la kampuni, sanduku la posta na uzito wa lori likiwa tupu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ndani ya boksi la Italeri. Hilo ndilo lori la Kenya, na vyote hivyo ni juu yako kuviunda.

Vipingo tulipita katikati ya mkonge, safu baada ya safu hadi macho yachoke. Shamba kubwa kama lile hunikumbusha trekta, na trekta hunikumbusha Airfix ya Uingereza. Modeli yake ya mwanzo kabisa ya vipande, mwaka 1949, ilikuwa trekta la Ferguson, lililotengenezwa ili wauzaji wa matrekta wawe na kitu cha kumwonyesha mteja. Mchezo huu wa watu wazima ulianza kama chombo cha biashara. Wanaotucheka kwa kuchezea vigari wangejua hilo.

Tena kuna jambo ambalo wengi wanaopishana na malori barabarani hawalifikirii. Lori jipya la Kenya nalo ni modeli ya boksi. Sehemu kubwa ya malori mapya ya nchi hii huingia bandarini Mombasa yakiwa vipande ndani ya makasha, yakaunganishwa hapa hapa. Mombasa yenyewe ina kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Thika kuna kile kilichoanza mwaka 1974 kwa jina la Leyland. Nairobi kuna kile kilichoanzishwa 1975 na General Motors, na tangu 2017 kinaitwa Isuzu East Africa. Mafundi hufungua kasha, hufuata karatasi ya maelezo, hufunga kipande namba hii kwa kipande namba ile. Na mara nyingi kinachotoka kiwandani si lori kamili, ni kichwa na chesi. Mgongo uko uchi. Kinachobaki huenda kwa fundi wa bodi, na huyo hana karatasi ya maelezo.

Nilimkuta mmoja Malindi, kwenye uwanja wa jua kali wenye mwarobaini mmoja na vivuli vingi vya mabati. Fuso ilikuwa imesimama na kichwa chake kipya, nyuma kuna reli mbili za chesi na upepo. Fundi alikuwa amechora bodi nzima kwa chaki juu ya sakafu ya saruji, ukubwa ule ule wa kweli, kama fundi cherehani anavyochora kanzu juu ya kitambaa. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Alinitazama kidogo, kisha akaniuliza swali la kifundi:

"Hilo lako litabeba nini?"

Nikamwambia chumvi.

"Basi usilitie sakafu ya bati, bwana. Bati na chumvi hawaishi nyumba moja. Tia mbao. Na mabolti uyazamishe, kichwa kisichomoze, maana koleo la mpakuzi litayang'oa."

Akanionyesha kwa kidole. Mihimili ya chuma hupita kwa upana juu ya chesi. Kati ya chuma na chuma huwekwa kipande cha ubao ili chesi ikijipinda kwenye barabara mbaya bodi isipasuke. Nguzo za ubavuni husimama, mbao zikateremshwa ndani yake moja baada ya moja. Chini ya yote hupakwa oili chakavu ya injini, nyeusi tii, kila baada ya muda, ili chumvi isipate pa kushika. Hilo la oili nililiandika na kulipigia mstari. Wengi wetu tunaotengeneza modeli tunaipaka chesi rangi ya kutu kwa sababu kutu inapendeza machoni. Chesi ya lori la chumvi linalotunzwa haina rangi ya kutu. Ni nyeusi, inateleza, na vumbi jeupe limeganda juu ya weusi ule.

Kutoka Malindi unavuka Sabaki, mto ambao Nairobi unaitwa Athi na Tsavo unaitwa Galana, maji yake mekundu yanaingia baharini na kuichafua rangi ya bahari mbali kabisa. Ng'ambo ni Mambrui. Nilishuka pale kwa sababu ya lori jingine, ambalo nililiona dirishani likisukumwa na mtoto wa miaka kama tisa.

Lilikuwa limekatwa kutoka kwenye jerikeni la mafuta ya kupikia, la manjano. Mwili wa jerikeni ulikuwa bodi. Kichwa kilitoka kwenye kijerikeni kidogo cha oili ya gari, kimekatwa kwa namna ambayo mkono wa kushikia umebaki juu ya paa kama kile kibati cha kukata upepo. Magurudumu yalikuwa ya champali kuukuu, yamekatwa mviringo. Mbele yalikuwa moja moja na nyuma mawili mawili, kama inavyotakiwa. Ufito mrefu ulitoka nyuma ya kichwa hadi kwenye mikono ya dereva, na waya uliozungushwa chini uligeuza magurudumu ya mbele kweli, kulia na kushoto. Shehena ilikuwa mchanga.

"Hili Fuso?" nikauliza, nikijua nachokoza.

"Ami, Fuso wapi! Hili Actros. Tazama springi."

Nikainama. Alikuwa amekata vipande vitatu vya plastiki ya jerikeni, kirefu, cha wastani na kifupi, akavipanga kimoja juu ya kingine, akavikunja kidogo na kuvifunga katikati kwa waya. Springi za majani, upande wa kulia na wa kushoto. Alipolipitisha juu ya mzizi, ekseli ilipanda na kushuka na mchanga haukumwagika. Springi za boksi la Italeri ni pambo tu. Ukizigusa kwa nguvu zinavunjika.

Mwenzake, mkubwa kidogo, ndiye alikuwa mtaalamu wa viungo. Alikuwa na msumari uliofungwa kwenye kijiti na moto wa vifuu vya nazi. Msumari ukiiva anatoboa, kisha anashona kwa waya uliotolewa kwenye tairi lililochomwa. Nilikuwa na chupa ya gundi ya modeli begini, nikatamani kujaribu. Gundi ile haibandiki kama gundi ya karatasi: huyeyusha uso wa plastiki ya polistairini, pande mbili zikashikana na kuwa kitu kimoja. Lakini jerikeni ni polithini, na mbele ya polithini gundi yangu haifui dafu. Tone lilikaa juu kama maji juu ya jani la mgomba, likakauka, kipande kikadondoka. Kijana akacheka, akachukua msumari. Kwa plastiki ile, kushona ndiyo njia.

Champali hazinunuliwi. Bahari huzitema ufukoni, za mguu wa kushoto na za mguu wa kulia zisizojuana, na plastiki nyinginezo za kila namna. Lamu waliziona kama mbao. Mafundi wa majahazi waliunda chombo kizima kwa taka za plastiki, wakakivika kandambili za rangi zote na kukiita Flipflopi, na mwaka 2019 kilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar kikipita pwani hii hii. Watoto wa Mambrui hawakuwa wamengoja mradi.

Niwe wazi hapa, maana sipendi zile sifa za kumpapasa mtoto kichwa na kusema ana kipaji. Lori lile lilikuwa na kasoro. Kichwa kilikuwa kirefu mno kwa bodi, na matairi ya nyuma yalikuwa madogo kuliko ya mbele kwa sababu champali ilikwisha. Niliwaambia. Yule mkubwa akakubali la kichwa, la matairi akalikataa: alisema atapata champali nyingine maji yakitoka. Halafu akaniambia jambo ambalo kwa picha zote nilizokuwa nazo sikuwa nimelitafuta. Malori ya chumvi yana mnyororo ndani, unaokwenda kutoka ubavu hadi ubavu kwa juu, ili mzigo usizisukume mbao zikabinuka nje. Bila mnyororo, alisema, lori litakuwa na tumbo.

Mnyororo niliukuta Gongoni siku hiyo hiyo, kwenye lori la kwanza nililoruhusiwa kupanda.

Gongoni na Marereni ni nchi ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa kwenye madimbwi mapana na ya kina kifupi, jua na upepo vikayapunguza. Yakizidi ukali huhamishiwa dimbwi jingine, na jingine, mpaka chumvi inaganda chini na kukwanguliwa. Mchana, macho yanauma kwa weupe. Rundo la chumvi linafika kimo cha nyumba. Malori yanasimama foleni, na kila lori lina utu wake: hili lina bampa la mabomba, lile lina macho mawili yamechorwa juu ya taa, jingine lina Dua la Mama nyuma kwa herufi zenye kivuli.

Dereva niliyemwendea alikuwa amelala chini ya tela lake. Nilisubiri aamke. Nilipomweleza alidhani mimi ni mtu wa mizani.

"Unapima uzito au urefu?"

"Urefu tu, mzee."

"Ukiwa urefu, pima mpaka jioni."

Hofu yake ina msingi. Afrika Mashariki kikomo cha uzito, lori na tela na mzigo wake, ni tani 56, na kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Ndiyo maana vichwa vingi vya kazi nzito huku vina ekseli mbili nyuma, na ndiyo maana kichwa cha boksi langu, chenye ekseli moja ya nyuma kama wanavyopenda Ulaya, hakikufaa kama kilivyo. Tanboi alishika upande mmoja wa tepu, mimi upande wa pili. Upana wa bodi mita 2.5: mezani ni milimita 104. Kati ya ekseli na ekseli mita 1.35: milimita 56. Kimo cha ubavu mita 1.2: milimita 50 kamili, hesabu iliyonifurahisha bila sababu. Mnyororo, ngazi, kulabu za turubai, tangi la maji ya kunawa lililofungwa kwa mpira wa tyubu, yote nikachora.

Muda mrefu zaidi niliutumia kutazama kutu. Kutu ina tabia zake. Huanza pale mkono na koleo vinapogonga rangi: ukingo wa juu wa ubavu, kona ya mlango wa nyuma, shavu la mlango wa dereva palipo na komeo. Kutoka kwenye kichwa cha bolti huteremka mstari mmoja mwembamba, wa kahawia juu, wa manjano chini. Madgadi huliwa kutoka ndani, kwa hiyo nje unaona kwanza rangi imetuna kama lengelenge, ndipo inapasuka. Katikati ya mlango hakuna kitu. Rangi iko vile vile. Nimeona modeli nyingi, nyingine zimeshinda mashindano, ambazo kutu imemwagwa kila mahali kama mchuzi. Hizo ni uvivu uliopakwa rangi.

Kabla ya kuondoka niliomba konzi mbili za chumvi ghafi. Tanboi akanifungia kwenye karatasi ya gazeti, akauliza kama nyumbani hatuna. Sababu ni hii. Kuna mbinu ya kutengeneza rangi iliyobanduka, na kiungo chake ni chumvi. Unapuliza kwanza rangi ya kutu, unaiacha ikauke sawasawa. Unalowesha kwa maji pale unapotaka paonekane pamechakaa, unanyunyiza chumvi, unaacha ikauke na kushika. Juu yake unapuliza rangi ya lori, buluu au nyekundu. Ikikauka unasugua kwa brashi ngumu yenye maji. Chumvi inatoka na rangi iliyo juu yake, na chini kutu inachungulia kwa kingo zilizomeguka ovyo, kama za kweli, ambazo mkono wa binadamu hauwezi kuzichora.

Chumvi ya Gongoni jinsi ilivyo haifai. Punje ya milimita mbili juu ya modeli ni kidonda cha karibu sentimita tano juu ya lori, na vidonda vyote vikiwa sawa jicho linakataa. Niliitwanga kwenye kinu kidogo cha iliki, nikaichekecha kwa kichujio cha chai, nikapata madaraja matatu: vumbi kwa ajili ya mlango, punje ndogo kwa bampa, na kubwa chache kwa mlango wa nyuma. Halafu kuna hali ya hewa yetu. Chumvi huvuta maji, na wakati wa masika mezani Mombasa haikauki hata kidogo. Inageuka uji na rangi inakimbia. Kazi hii ni ya kaskazi, saa za adhuhuri, dirisha wazi. Na ukimaliza suuza modeli kwa maji matamu mara nyingi, kwa sababu vijiti vya ekseli ndani ya boksi ni vya chuma, na utajikuta na kutu usiyoipaka.

Mengine yalikuwa ya msumeno. Usukani wa boksi langu ulikuwa kushoto, kwa hiyo dashibodi niliikata vipande vitatu na kuvipanga upya ili dereva akae kulia. Chesi niliikata nyuma ya kichwa, nikairefusha kwa vipande vya plastiki na kuipa ekseli ya pili. Mabomba ya kulabu ni chelewa za ufagio, zilizopigwa msasa: ni nyembamba, zimenyooka, na haziuzwi kwa dola kama vijiti vya plastiki. Wapo watakaosema chelewa si kifaa cha modeli. Waje waone. Turubai ni karatasi ya shashi iliyochovywa kwenye gundi nyeupe na maji, ikakunjwa ingali mbichi. Mipira ya matope ni tyubu ya baiskeli. Mnyororo wa ndani ni mkufu wa bandia wa sokoni Kongowea, na umefungwa ubavu hadi ubavu, kwa juu, kama nilivyoagizwa Mambrui.

Lori limekwisha, na sasa nataka jingine. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, magari yote ya barabara ya Malindi yalivuka mkono wa bahari kwa feri. Mabedford na Maleyland yalishuka mteremko, yakangoja zamu na mizigo ya korosho, maembe, makuti na chumvi. Bodi za malori yale ziliundwa na mafundi wa hapa, na hakuna boksi wala kitabu kilichozihifadhi. Zimebaki ndani ya albamu za watu. Kama nyumbani kwenu kuna picha ya lori la zamani kwenye feri ya Kilifi, msiitupe mnapohama nyumba. Ipigeni nakala, na nyuma yake andikeni mwaka na jina la mwenye gari. Iliyopigwa kwa ubavu ina faida kuliko ya mbele, na kama babu amesimama kando ya tairi msimkate: kimo chake ndicho kitakachotupa kipimo.